Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Waruhusiwe watahiniwa wa muziki kuaga kwa muziki

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa muziki katika shule ya upili ya umma hapa Pwani ya Kenya, na ombi langu ni dogo kiasi kwamba huenda halijawahi kufika mezani pako: Wizara itoe waraka unaoziruhusu shule za upili zinazofundisha muziki kuandaa tumbuizo moja la kuaga kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mbele ya wazazi na watu wa mtaa wao, bila mwalimu mkuu kuhofia kwamba amevunja agizo la serikali.

Hofu hiyo ina chimbuko lake. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, ya mwaka 2015 watahiniwa 5,101 walifutiwa matokeo kwa sababu ya udanganyifu, bodi ya Baraza la Mitihani (KNEC) ikavunjwa mwezi wa Machi 2016, na mwaka huohuo waziri wa wakati ule, Dkt. Fred Matiang'i, akapiga marufuku shughuli za kijamii shuleni katika muhula wa tatu, zikiwemo siku za maombi, siku za kuwatuza wanafunzi, mikutano ya wazazi na hata ziara za kuwatembelea watoto. Sina ugomvi na agizo hilo. Waliokuwa shuleni miaka ile wanakumbuka jinsi mtihani ulivyokuwa umegeuka bidhaa, na hatua kali ilihitajika.

Kilichofuata baadaye ndicho kilichonifanya niandike. Agizo lililolenga muhula wa tatu limesomwa katika shule nyingi kana kwamba linamhusu mtahiniwa mwaka mzima, na shughuli yoyote inayomtoa darasani baada ya mwezi wa Mei huhesabiwa kuwa ni kujitafutia barua ya kujieleza. Mwalimu mkuu mmoja niliyemwomba bwalo kwa saa mbili, Jumamosi ya mwezi wa Julai, aliniambia kwa upole kwamba angeniruhusu kama ningemletea karatasi yenye mhuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu, na mimi karatasi hiyo sikuwa nayo. Ndiyo maana leo sikuombi fedha wala jengo, Mheshimiwa, nakuomba karatasi.

Wasomaji ambao hawakusoma muziki huenda wasijue mtihani wenyewe ulivyo. Mtahiniwa wa muziki wa KCSE hufanya karatasi tatu, na ya kwanza ni ya utendaji. Huchagua sauti au ala, akafanya mazoezi ya kipande kilichoteuliwa na KNEC kwa miezi mingi, kisha msimu wa mitihani unapowadia mtahini huja shuleni na mlango hufungwa. Mtoto huimba au hupiga, husoma nota ambazo hajawahi kuziona, hupitia mazoezi ya kiufundi, halafu huambiwa atoke. Mtahini huandika alama na kuelekea shule nyingine. Wazazi hawapo, na haifai wawepo. Wanafunzi wenzake wako madarasani. Kazi iliyomlaza mtoto macho tangu mwanzo wa mwaka husikika kwa ukamilifu mara moja tu, na anayeisikia ni mgeni ambaye kazi yake haimruhusu hata kupiga makofi.

Unaweza kuniambia kwamba tunalo Tamasha la Muziki la Kenya. Ni kweli, na tamasha hilo lililoanza mwaka 1927 ni hazina. Nimepeleka kwaya huko na nitaendelea kupeleka. Ila tamasha ni mashindano. Mtoto huimba akiwa mmoja kati ya waimbaji wengi, jaji huandika alama, na shule iliyoshindwa katika ngazi ya chini hurudi nyumbani bila mwanafunzi wake hata mmoja kusikika peke yake. Washindi wachache huenda hadi kumwimbia Rais. Waliobaki, ambao ndio wengi, huimba tena kwenye gwaride la asubuhi na katika ibada ya Jumapili. Ukihesabu vizuri utaona kwamba mwanafunzi anaweza kusoma muziki miaka minne bila kusimama peke yake mbele ya watu na kutumbuiza kipande ambacho hakitiwi alama.

Wako pia watu ambao mtaala haujawatambua, na hawa ndio ninaowafikiria zaidi ninapoandika. Mtahiniwa anayechagua ala ya kiasili hafundishwi na mimi peke yangu. Chuoni nilisomea piano na uimbaji. Chivoti, ile filimbi ya Wamijikenda inayopulizwa kwa ubavuni, naweza kuieleza ubaoni kuliko ninavyoweza kuipiga. Anayemfundisha mtoto kwa kweli ni mzee wa kijijini ambaye huja Jumamosi kwa nauli tunayochangishana walimu, akaketi naye nyuma ya maktaba na kumrudisha mwanzo kila anapoharakisha. Kule Nyanza kazi hiyo hufanywa na mpigaji wa nyatiti, Bungoma na mpigaji wa litungu, Kisii na mwenye obokano, zote ala za nyuzi. Hawa si waajiriwa wa Tume ya Huduma ya Walimu, hawana namba ya usajili, na siku ya mtihani hawana ruhusa ya kukaribia chumba. Mzee humpa mtoto wimbo, mtoto hupewa alama, na mzee hapati kujua kama wimbo ulifika salama. Mmoja wao aliniuliza, miezi kadhaa baada ya matokeo kutoka, kama yule kijana aliumaliza ule wimbo vile alivyomwelekeza. Sikuwa na jibu, kwa sababu hata mimi sikuwa chumbani.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii za Waluhya wa magharibi mwa Kenya, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba wengi wa wanaoijua ni wazee wasio na warithi. Nchi yetu ndiyo iliyopeleka maombi hayo. Basi pale mrithi anapopatikana, tena kijana aliyevaa sare ya shule na kujifunza kwa hiari yake, ni ajabu kwamba hatuna hata alasiri moja ya kumsimamisha pamoja na mwalimu wake huyo mbele ya watu wanaoujua wimbo. Jopo la wasikilizaji wa aina hiyo ni kali kuliko mtahini yeyote. Mama ambaye mumewe alizikwa kwa wimbo fulani hatakubali upigwe ovyo, na kijana akishasikilizwa na mama huyo akaitikiwa kwa vigelegele, chumba cha mtihani hakitamtetemesha tena.

Kuhusu wazazi nitasema machache. Tume ya Kitaifa ya Muziki iliyoongozwa na Washington Omondi ilitoa ripoti yake mwaka 1984, na chini ya mfumo wa 8-4-4 uliofuata (miaka minane ya shule ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu) muziki ulitahiniwa hadi shule ya msingi. Ulipoondolewa katika mtihani huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, wazazi wengi walielewa kwamba serikali yenyewe imeuita mchezo. Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kama mwanawe atakula nota. Sikumlaumu. Alikuwa amelipa karo ya miaka minne na hajawahi kumsikia mwanawe akiimba tangu alipokuwa chekechea, na herufi moja kwenye karatasi ya matokeo haiwezi kumweleza ni nini hasa kilichofanyika kwa karo hiyo.

Wakati wa kulifanya jambo hili ni sasa, kwa sababu ambazo Wizara yako inazijua kuliko mimi. Mwezi wa Januari 2026 tulipokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, wa mtaala mpya unaochukua nafasi ya 8-4-4, na sanaa pamoja na michezo zimepewa mkondo wao, sawa na sayansi na sayansi ya jamii. Wakati huohuo watahiniwa wa mwisho wa KCSE wataondoka mwaka 2027. Hapo kuna pengo ambalo sijaona likijadiliwa. Katika shule za upili urithi wa muziki haukai kwenye daftari la mwalimu. Hukaa kwa wanafunzi. Kidato cha tatu hujifunza kutoka kwa kidato cha nne namna ya kukaza ngozi za ngoma, nani huanzisha wimbo gani, na sauti ya tatu huingilia wapi katika wimbo ambao haujawahi kuandikwa popote. Mwaka 2027 kidato cha nne hakitakuwa na kidato cha tatu cha kukirithisha. Kitakuwa na Gredi ya 10 na ya 11, watoto wa mtaala mwingine, wenye vitabu vingine na pengine walimu wengine. Wasipokaa pamoja hata mara moja kuandaa kitu kimoja, yapo mambo mengi ambayo yataondoka na lori la masanduku siku ya kufunga shule, na wale wa Gredi ya 12 watakaomaliza mwaka 2028 watalazimika kuyaanza upya.

Najua hoja zitakazoletwa na maafisa wako. Ya usalama wa mtihani inajibika kwa kalenda: tumbuizo lifanyike katika wiki mbili za mwisho za muhula wa pili, kabla ya muhula wa tatu na marufuku yake, na mgeni yeyote asivuke bwalo kwenda mabweni wala madarasani. Ya gharama ni nyepesi zaidi, kwa maana bwalo lipo, viti vipo, ala ni zilezile za mazoezi, na wazazi watakuja kwa nauli zao. Naomba waraka useme waziwazi kwamba hakuna mchango wowote utakaotozwa, kwa sababu tunawafahamu wakuu watakaoona nafasi ya kuagiza fulana na keki. Ya muda wa masomo ndiyo inayonishangaza. Mtahiniwa wa muziki akitumbuiza mbele ya watu mwezi wa Julai huwa amefanya jaribio bora kuliko majaribio yote ya karatasi ambayo shule zetu huyarundika muhula huo, kwani kinachowaangusha wengi katika utendaji ni woga wa kusimama peke yao, na woga huo hauondolewi kwa kukariri.

Hofu yangu mimi iko upande mwingine. Jambo jema likifika Nairobi huweza kurudi likiwa na fomu. Naomba sana, Mheshimiwa, tumbuizo hili lisigeuzwe mashindano, lisiwe na majaji, lisiingizwe katika alama za tathmini ya shuleni, na lisiwe na ngazi ya kaunti wala ya taifa. Liachwe mikononi mwa mwalimu wa muziki na wanafunzi wake. Kila mtahiniwa apate nafasi ya kutumbuiza peke yake kipande kimoja alichokichagua mwenyewe. Wadogo zake wa madarasa ya chini wamsindikize pale anapohitaji kusindikizwa. Mzee au mama aliyemfundisha ala aalikwe kwa barua rasmi ya shule, atajwe jina na alipwe nauli yake. Na wimbo wa mwisho uimbwe na wote, ukiongozwa na mwanafunzi atakayeshika uongozi wa kwaya mwaka unaofuata. Shule yenye mtahiniwa mmoja tu wa muziki, nazo zipo, ifanye kwa huyo mmoja.

Waraka wenyewe hauhitaji kuzidi ukurasa mmoja. Unahitaji kusema kwamba tumbuizo la kuaga la wanafunzi wa muziki si miongoni mwa shughuli zilizokatazwa, kwamba lifanyike kabla ya kufunga muhula wa pili, na kwamba mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo apewe taarifa bila kuombwa kibali. Muhula huo hufungwa mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti; waraka ukitufikia kabla ya mwisho wa Juni, watahiniwa wa mwaka huu watawahi.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa muziki,
Kaunti ya Kwale