Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Picha Zisizo na Majina

Ndugu wanachama, tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wenzetu Waislamu tuliosoma nao benchi moja, assalaam aleykum.

Mwaka huu kamati yenu haikujenga kitu wala kununua kitu. Ada zimeingia kwa kusuasua kama kawaida. Mhazini atawasomea hesabu, naomba asikatizwe kama mwaka jana. Kazi tuliyoifanya ni ile moja mliyotutuma: kukusanya historia ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, na ya chuo chetu cha uuguzi cha Edgar Maranta. Niliwaambia ni kazi ya miezi mitatu. Nilikosea, na leo bado hatujafika nusu.

Kikao cha kwanza kiliishia kwenye ubishi wa wapi pa kuanzia. Mzee wetu mmoja alisimamia 1905, Vita vya Maji Maji, maana bonde lote la Kilombero mpaka Mahenge liliingia humo, na anayetaka kujua watu walivyoipokea misheni hawezi kuiruka ile damu. Katibu alishikilia 1921, mwaka ambao Wakapuchini wa Uswisi, shirika la watawa wa Kikatoliki, walikuja kushika misheni zilizoachwa na watawa wenzao Wabenediktini wa Kijerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwisho tukachukua 1921, ila kwa sababu nyingine: ndio mwaka walipokuja pia masista wa Baldegg, watawa wa kike kutoka Uswisi. Padre hujenga kanisa na shule. Zahanati inayokua mpaka ikawa hospitali inataka mtu wa kuamka saa nane usiku.

Hapo tukakutana na jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa darasani. Kwa taratibu za Kanisa za wakati ule, mtawa hakuruhusiwa kuzalisha. Sista aliweza kufunga kidonda, kugawa kwinini na kumwosha mgonjwa wa ukoma, lakini mama akishikwa na uchungu, mlango ulikuwa umefungwa kwa sheria. Ulifunguliwa 1936, pale Roma ilipotoa maelekezo ya kuwahimiza masista wa misheni kusomea udaktari, uuguzi na ukunga. Nilipolisoma hili mbele ya kamati, mkunga wetu mstaafu aliyezalisha mpaka akaacha kuhesabu alicheka sana, kisha akauliza: "Sasa kabla ya hapo walikuwa wanakaa wapi wakati mtoto anatoka?" Swali lake limo kwenye kumbukumbu za kikao. Jibu tunalo nusu: bibi zetu, wakunga wa jadi, walikuwa kazini muda wote huo, na hawamo kwenye picha hata moja tuliyoipata.

Sasa niseme lililonikera, na hili ni langu, si la kamati. Ukiitafuta Ifakara kwenye maandishi unaipata kwa wingi. Unampata Daktari Karl Schöpf, Mwaustria aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya misheni. Unampata Profesa Rudolf Geigy wa Basel, aliyefika 1949 akakaribishwa misheni huku akiwinda papasi wanaoeneza homa ya vipindi; kutokana na safari zake ikazaliwa maabara ya 1957, ambayo leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Kuna kituo cha mafunzo cha 1961, kuna utafiti wa malaria uliosomwa dunia nzima. Muuguzi yuko wapi? Yuko pembeni ya picha, kashika sinia.

Chukueni mradi wa vyandarua wa Kilombero na Ulanga, miaka ile ya tisini, vile vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu. Ulionyesha kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa watoto katika maisha ya kawaida ya kijijini, sio kwenye majaribio tu. Wajawazito walipewa hati punguzo ili wanunue kwa bei nafuu, na nchi nzima baadaye ikaiga. Hati ile ilitolewa kliniki ya mama na mtoto. Nani alikuwa amekaa kwenye ile meza? Nani alimweleza mama anayehamia shambani ng'ambo ya mto msimu mzima wa mpunga kwamba chandarua aende nacho dunguni, kibandani kwake cha shambani, asikiache nyumbani? Baadhi yenu mko humu ukumbini. Hamjaandika hata ukurasa.

Ndiyo maana tukaanza kuwatembelea wastaafu, na huko tumevuna. Mama mmoja alitutolea glavu ya mpira ya zamani, ngumu kama jani la mnazi lililokauka, akatuonyesha walivyokuwa wakiitunza. Unaiosha, unaianika, ikikauka unaishika mdomoni pale penye mkono unaipuliza kama puto na kuisogeza shavuni usikilize. Ukisikia upepo, ina tundu. Yenye tundu inawekwa kando kwa kazi za usafi. Nzima inapakwa poda ndani na nje, zinakunjwa jozi, kulia na kushoto, zinaingia kwenye dramu, lile kopo la chuma la vifaa, na dramu linaingia kwenye mvuke kuua vijidudu. Vijana wetu wawili waliokuja nasi, ambao hutumia glavu na kutupa, walijaribu kuikunja ile moja wakashindwa. Yeye aliikunja bila kuitazama, anazungumza nasi habari za nauli.

Lazima pia nikiri kosa letu. Tulikusanya picha kutoka kwa wanachama, tukazipiga kwa simu, tukarudisha. Hatukuandika majina. Sasa tuna msururu wa wasichana wenye kofia nyeupe, mikanda imekazwa, wanatazama jua kwa macho yaliyofinywa, na aliyetupa mojawapo ya picha hizo amekwisha fariki. Tungemuuliza siku ile ile, angetutajia wote na kijiji cha kila mmoja. Kosa ni langu kama mwenyekiti.

Kuhusu jina la chuo, maana wanafunzi wa sasa wameuliza: Edgar Maranta alikuwa Mkapuchini wa Uswisi, askofu mkuu wa Dar es Salaam mpaka 1968, wakati ambapo nafasi hiyo ilichukuliwa na Kardinali Rugambwa. Tangu 2010 tuna pia chuo kikuu kishiriki cha afya hapo hapo, na madaktari wanafunzwa kwenye wodi zile zile. Vizuri sana. Ila tusije tukawa wapangaji kwenye nyumba tuliyozaliwa.

Mambo ya mwisho. Tutasimama dakika moja kwa ajili ya wenzetu waliotangulia mwaka huu, katibu atasoma majina. Uchaguzi ni mchana; mimi sigombei tena, na tafadhali msinibembeleze. Kamati mpya itapokea kasha moja la picha na madaftari kumi na mawili. Mwenye picha nyumbani ailete kabla ya Pasaka, na nyuma yake aandike majina kwa penseli, sio kwa kalamu ya wino, maana wino hutokeza upande wa pili ukaharibu sura za watu.