Ile ngoma ya Rabinal niliyokugusia

Mambo kaka,

Natumai mko poa huko na kikundi kinasonga. Si ulisema unatafuta kitu cha tofauti cha kuwaonyesha vijana wako wa maigizo, basi acha nikupe stori ya Rabinal Achí, mchezo wa kuigiza unaochezwa kama ngoma, maana toka nimeanza kuifuatilia hata muvi siangalii tena.

Iko Guatemala, mji unaitwa Rabinal, kwa Wamaya (wenyeji wa asili wa kule) wa kabila la Achi. Wanaicheza januari, kilele tarehe 25, siku ya Mtakatifu Paulo, na wasimamizi ni vile vyama vya waumini vinavyotunza sanamu za watakatifu. Ila ngoma yenyewe ni ya karne ya 15, kabla Mhispania hajakanyaga kule, kwa hiyo unakuta sikukuu ni ya kanisa na wanaoongea humo ni wafalme wa zamani, na wenyeji hawaoni ajabu yoyote.

Kisa chenyewe, shujaa wa K'iche', Wamaya wengine wa jirani, ametekwa na shujaa wa Rabinal, kosa lake kubwa alitaka kuwachukua watoto wa watu, analetwa mbele ya mfalme Job'Toj. Sasa hapa ndo utapenda, hawajibizani chapchap kama kwenye tamthilia zetu. Mmoja akimaliza kusema, mwenzake anayarudia kwanza maneno yake, yote kabisa, ndo anajibu! Katikati wanacheza kwa kuzunguka, barakoa za mbao usoni, wanapigiwa ngoma ya gogo na tarumbeta mbili. Taratiiibu. Aliyezoea singeli atasinzia.

Mfungwa anajua anakufa. Anaomba anywe kinywaji cha mfalme, acheze na binti wa pale, halafu anaomba siku 260, mzunguko mzima wa kalenda yao ya ibada, akaage milima na mabonde ya kwao. Anaenda. Na anarudi, kwa miguu yake mwenyewe, wachezaji wa tai na jagwa (paka mkubwa kama chui) wanamzunguka wakicheza na hapohapo ndo mwisho wake. Aisee mi hapo kwenye kurudi nimekwama mpaka leo, yaani angeweza kupotelea hukohuko.

Watu wanaitaja sana kwa sababu UNESCO waliitangaza kuwa urithi wa utamaduni 2005, au kwa sababu ya yule padri Mfaransa Brasseur de Bourbourg aliyechapisha maneno ya ngoma hiyo 1862. Sawa, lakini mi naona wa kuheshimiwa zaidi ni wenyeji, maana 1982 jeshi liliua watu wengi sana eneo hilohilo la Rabinal, kwenye vijiji vya Río Negro na Plan de Sánchez, na ngoma haikufa.

Video zipo mtandaoni, hazijatulia sana ila tarumbeta utazisikia. Angalia halafu niambie kama vijana wanaweza kukariri hotuba ndefu hivyo. Mi naona yule binti wa sauti nzito ndo angefaa kuwa mfungwa, hao wavulana wako wana haraka mno.

Msalimie shemeji.