Kuhusu hotuba ya mjomba

Kirumba, Mwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, hofu ni kwenu. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata. Unaniomba nikuandikie hotuba ya arobaini ya mjomba, "yenye maneno mazito, watu walie". Kazi hiyo siikatai, ila nina neno la kukuambia kwanza.

Jumamosi nilipita Mwaloni. Unalijua soko lile: magunia ya dagaa mpaka njiani, malori yanapakia mzigo wa Kongo. Kuna muuzaji pale ana ulimi, akiwasifia dagaa wake huwezi kumpita. Mama mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, hakumbishia hata kidogo. Akakunja mkono wa gauni, akauzamisha kwenye gunia hadi kiwiko, akatoa dagaa wa chini, akawafikicha kiganjani. Mchanga mtupu. Hao walianikwa chini, hawakupanda chanja. Mama akahamia kwa mzee wa pembeni, naye akamwambia, "Wa juu ni wa jana. Wa chini ni wa juzi, mvua iliwagusa kidogo, ndiyo maana nimeshusha bei." Akanunua.

Watu wa pale husema mzee yule hajui kuongea. Mimi nasema anajua sana. Alianza na jambo la kwanza, akafuatisha la pili, akatoa sababu, akanyamaza. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kweli haihitaji ufundi. Kweli nyingi zimepotea kwa kukosa mtu wa kuzipanga.

Chukua Azimio la Arusha, 1967: "Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha na tumepuuzwa kiasi cha kutosha." Vitenzi vitatu tu, na hakuna mkulima aliyehitaji kufafanuliwa hata kimoja, kwa sababu yote matatu yalikwisha kumpata. Kule kurudiarudia kunagonga kwa kuwa kuna jambo nyuma yake. Bila jambo hilo kungebaki kelele. Na TANU, chama hicho hicho kilichotoa Azimio, kilimtaka mwanachama wake aahidi: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko."

Najua utanikumbusha kule Bujora, siku za Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, makundi mawili pinzani, Bagika na Bagalu, yanapocheza kwa wakati mmoja na ushindi ni wa atakayevuta watu wengi. Naipenda mno sherehe ile! Lakini pale kila mtu amekuja kushindana na kushindaniwa. Kwenye arobaini hushindani na mtu.

Sasa mjomba. Unataka niandike kwamba alikuwa mkarimu kwa kila mtu. Ndugu yangu, hakuwa hivyo. Mkono wake ulikuwa mzito kutoa, na nusu ya watakaokaa chini ya turubai wanalijua hilo. Ukitamka tu kwamba alikuwa mkarimu kwa kila mtu, hawatakuamini tena hata ukisema jina lake. Lakini si ndiye aliyemlipia dada yako ada ya chuo mpaka akamaliza, kimya kimya, wakati nyie wote mnadhani ni mkopo? Si ndiye aliyekuwa akikaa usiku na karabai akishona nyavu za majirani zilizochanika, halafu asubuhi anawafokea kwa uzembe wao? Nakumbuka vidole vyake vilivyokatwakatwa na nyuzi. Hayo yaseme, na kule kufoka kutaje pia, watamtambua. Madeni na ugomvi wa shamba yaache, hapo si mahali pake, na kuyanyamazia si kudanganya.

Kwa hiyo andika wewe kwanza, kama unavyonisimulia tukiwa wawili, bila kutafuta neno zito. Kupanga na kupunguza niachie mimi. Ukimaliza nipigie unisomee kwa sauti, polepole. Pale utakapokwama koo, usipafute.

Msalimie shemeji na watoto. Mwambie dada nitafika siku moja kabla ili nisaidie kufunga turubai.

Wako daima,
rafiki yako wa Kirumba