Barua ya kufunga muhula: Kiingereza cha watoto wetu na simu zilizo mikononi mwetu

Wazazi na walezi wapendwa, salaam.

Muhula ndo unaisha, kesho watoto wanarudi nyumbani na ripoti zao mkononi, alama mtaziona wenyewe kwahiyo sitazirudia hapa. Nataka niwaandikie kitu kimoja tu, Kiingereza cha hawa watoto wa ngazi ya kati, maana muhula huu tulibadilisha namna ya kukifundisha na najua baadhi yenu mlishtuka kufungua daftari mkakuta kurasa nzima za mambo ya chaji, pasiwedi na betri, mpaka mzazi mmoja akanipigia kuniuliza mwalimu, hii ni sarufi au ni ufundi simu?

Ni sarufi, mzazi wangu, na ntaeleza kwanini.

Mtoto wa ngazi ya kati ndo mgumu kuliko wote kumfundisha. Anayeanza kila siku anaokota neno jipya na anafurahi, aliyebobea anasoma mwenyewe, lakini huyu wa kati, ambaye kwenye mfumo wa Ulaya wa kupima ujuzi wa lugha, wenye ngazi 6 kutoka A1 mpaka C2, yuko pale B1, anajua vya kutosha kujieleza kidogo alafu anagota hapohapo, muhula unaingia muhula unatoka. Ukimuuliza anaelewa, akijibu anatafsiri Kiswahili neno kwa neno. Tukakaa na walimu wa Kiingereza tukajiuliza, kuna kitu gani hawa watoto wanakijua vizuri kiasi kwamba hawatahangaika kutafuta cha kusema, wahangaike na lugha peke yake? Vyombo wanavyovishika kila siku. Simu, kompyuta, rimoti, redio, chaja.

Somo lililonigusa kuliko yote ni la kauli ya kutendwa. Miaka yote tumewafundisha kwamba mpira ulipigwa na mvulana, wanakariri, wanafaulu mtihani, na hawaitumii tena maishani. Safari hii mwalimu aliandika ubaoni sentensi mbili ambazo WhatsApp yenyewe inazitoa ikiwa imesetiwa kwa Kiingereza. Ukifuta kwa wote meseji uliyotuma, kwako inatokea "You deleted this message", yani umefuta meseji hii, kwa uliyemtumia inatokea "This message was deleted", yani meseji hii imefutwa. Akauliza, kitendo ni kimoja, mbona sentensi ni mbili? Darasa likanyamaza kwanza, alafu binti mmoja kutoka nyuma akasema, kwa sababu mimi najua ni mimi nimefuta, lakini yule mwenzangu anachokiona ni kwamba meseji haipo. Nilikuwa nimesimama mlangoni siku hiyo na nawaambia kweli nilisisimka, maana yule mtoto alikuwa amelieleza somo zima bila kufungua kitabu, yani kauli ya kutendwa tunaitumia pale kilichotendwa kinapokuwa na uzito kuliko aliyetenda. Kuanzia hapo wakawa wanaleta za kwao, "your password has been changed", "the file could not be opened", kila asubuhi kuna mtoto ana sentensi mpya.

Tukaenda kwenye vitenzi, na hapa ndo tulikaa muda mrefu zaidi kwa sababu ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana njia. Sisi tunabadilisha kitenzi chenyewe kwa ndani, chomeka na chomoa, funga na fungua, washa na waka. Kiingereza kinachukua kitenzi kimoja kinakibandikia kijineno pembeni, "turn on", "turn off", "turn up", "turn down", na ghafla una maana nne, kuwasha, kuzima, kuongeza sauti na kupunguza, wakati "turn" ni ileile. Mtoto anayewaza kwa kufunga na kufungua atasema "open the radio" na "close the light", na hapo hajakosa akili, ametafsiri tu. Alafu kuna mpangilio, unaweza kusema "turn off the radio" au "turn the radio off", zote sawa, lakini ukishaweka "it" badala ya "the radio" lazima ikae katikati, "turn it off", ile "turn off it" haipo. Kosa hili tumelisahihisha muhula mzima na bado linarudi, kwahiyo mkilisikia nyumbani msimkaripie, mrudishieni tu ile sahihi taratibu. Faraja ni kwamba kuna sehemu Kiingereza kinafanana kidogo na chomeka na chomoa yetu, "plug" na "unplug", "lock" na "unlock", "install" na "uninstall", na watoto walipoiona hiyo walishika haraka sana.

Kulikuwa pia na kijana aliyekataa katakata "my phone is dead". Akasema simu ikifa ni ya kupeleka kwa fundi, sasa mbona kitabu kinasema inahitaji chaja tu? Ana haki ya kuuliza, kwetu simu kufa na simu kuisha chaji ni habari mbili tofauti, kwa Kiingereza cha mazungumzo hiyo "dead" mara nyingi ni chaji tu imeisha. Wengine walikuwa wanaandika "my phone has finished charge", sasa wanajua kusema "my battery has run out". Mambo madogo haya ndo yanamtoa mtoto kwenye kutafsiri.

Matamshi bado yanatusumbua, nasema wazi. Kiswahili mkazo wetu karibu siku zote unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, hauhami, kwahiyo mtoto hategemei kwamba neno linaweza kubadilisha kazi kwa kuhamisha mkazo. "Record" ikiwa ni jina mkazo uko mwanzo, ikiwa ni kitenzi, ile ya kurekodi sauti, unaenda mwisho. Tutaendelea nalo muhula ujao, pamoja na yale maneno yasiyohesabika, yani yasiyoongezwa "s" ya wingi, maana "informations" na "softwares" bado naziona kwenye insha hata za watoto wenye alama nzuri.

Wakati uliopita tuliufundisha kwa historia. Martin Cooper, mhandisi wa Kimarekani, alipiga simu ya kwanza ya mkononi mwaka 1973, na tarehe 3 Desemba 1992 ikatumwa meseji ya kwanza ya SMS, ilisema "Merry Christmas" na iliandikwa kwenye kompyuta kwa sababu simu iliyoipokea haikuwa na uwezo wa kuandika meseji. Mwaka ukishatajwa Kiingereza kinataka "made" ya kupiga simu na "sent" ya kutuma meseji, lakini ukisema tu simu zimebadilika, bila kusema lini, unasema "phones have changed". Watoto waliandika aya nzuri sana hapo, na wengi walienda kuwauliza babu na bibi zao watu walikuwa wanapashana habari vipi zamani, wakarudi na "people used to" hii na "people used to" ile, nawashukuru sana wazee wetu waliokaa nao.

Sasa kuna jambo linaniuma na siwezi kulipita. Tulipata insha kadhaa ambazo mtoto aliandika kwa Kiswahili akaitupia kwenye programu ya kutafsiri akanakili kilichotoka. Mwalimu alimwita mmoja akamwambia nisomee sentensi yako ya tatu unieleze, akashindwa, akalia. Sikumpa adhabu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha mpaka uko wapi, na hilo ni la kwetu sisi walimu kama lilivyo la nyumbani. Kutafuta neno moja usilolijua ni sawa, hata mimi nafanya hivo, ila insha nzima ikiandikwa na mashine basi aliyefanya mazoezi ni mashine, mtoto amebaki alipokuwa. Naomba sana mlisimamie hili likizo hii, na msisimamie kwa kumnyang'anya simu, kaeni naye, mwambie akusomee alichoandika kisha akueleze kwa Kiswahili maana yake. Huhitaji kujua Kiingereza kufanya hivo, akisita utaona tu.

Na kama kuna simu nyumbani, ombi langu la pili ni dogo, mruhusuni abadilishe lugha ya simu iwe Kiingereza kwa wiki moja. Ikiandika "storage almost full" au "at least eight characters" yeye ndo awe mkalimani wa nyumba, awaelezee wote. Wakisoma saa muwasikilize kwa makini, maana 9:15 ya kwenye simu ni saa tatu na robo yetu na bado wanachanganya. Nyumba isiyo na simu ya kutachi haijaachwa nyuma, redio na rimoti na swichi ya taa vina vitenzi vyake vyote na mtoto anaweza kueleza hatua kwa hatua namna ya kuviwasha, darasani wengi waliofanya vizuri kwenye mtihani wa kuongea walieleza vitu vya kawaida kabisa kama hivyo.

Kazi ya likizo ni moja. Kila mtoto achague chombo kimoja cha nyumbani, aandike ukurasa mmoja kwa mkono wake namna kinavyotumika na nini cha kufanya kikigoma, "if it doesn't turn on, check the battery" na kuendelea, alafu amsomee mtu mzima yeyote, na huyo mtu mzima asaini chini. Sijali saini ni ya baba, mama, shangazi au kaka mkubwa, nataka nijue kuna mtu alimsikiliza. Ukurasa huo ukusanywe siku ya kufungua, tarehe iko nyuma ya ripoti.

Nawatakia likizo njema wote.

Wenu,
Mwalimu Mkuu