Wanaoomba vyuo vya filamu wasianze na droni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na vijana wa Dodoma wanaotaka kuomba shahada ya uzamili ya filamu nje ya nchi. Madirisha ya maombi ya vyuo vingi vya Marekani na Ulaya hufungwa kati ya Novemba na Februari. Mwombaji wa hapa, akishapata nia, hukimbilia kutafuta fedha ya kukodi kamera kubwa na droni. Anaanzia mahali pasipo penyewe.

Chuo cha filamu kina kamera, lenzi, taa na mafundi wa kuvitunza. Kazi ya mfano inayoambatanishwa na maombi huombwa ili jopo lione mwombaji anaamua vipi: kamera ameiweka wapi, ameikata shoti lini, nini amekiacha nje ya picha. Mbuga ikipigwa kutoka juu jua likizama haijibu hata swali moja kati ya hayo, na wasomaji wa maombi wameshaiona mara nyingi mno.

Kabla ya kushuti chochote, soma chuo kinataka mtu wa namna gani. AFI, chuo cha filamu cha Los Angeles chenye kozi ya miaka miwili, humtaka mwombaji achague fani moja kati ya sita tangu siku ya maombi: uongozaji, upigaji picha, uhariri, utayarishaji, usanifu wa mandhari ya filamu au uandishi wa muswada. NFTS, chuo cha taifa cha filamu na televisheni kilichoko Beaconsfield, Uingereza, nacho hupokea watu kwa fani. Kozi ya uzamili ya Tisch, shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha New York (NYU), ni ya miaka mitatu na imejengwa juu ya kuandika na kuongoza, wanafunzi wakibadilishana kazi katika filamu za wenzao. Anayetuma filamu ileile na maelezo yaleyale kote huko atakuwa amejibu swali la chuo kimoja, tena kwa bahati. Kwa upande wa filamu za uhalisia (dokumentari) ipo kozi ya DocNomads, miaka miwili inayosomwa Lisbon, Budapest na Brussels. Ufadhili wa Erasmus Mundus, wa Umoja wa Ulaya, kwa kozi kama hiyo hulipa ada na kumpa mwanafunzi yuro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Kwa mtu asiye na mjomba tajiri, hapo ndipo pa kuanza kuangalia. Na aliyesoma sheria, uhasibu au kilimo asijiondoe mwenyewe, maana vyuo vingi havidai shahada ya kwanza iwe ya filamu.

Sasa filamu yenyewe. Vyuo vingi huweka kikomo cha dakika 5 au 10, na si busara kutegemea kwamba kila msomaji atavumilia hadi mwisho. Dakika moja ya majina na muziki mwanzoni ni dakika iliyotupwa. Chukua mtu mmoja, kazi moja, sehemu mbili. Mkulima wa Hombolo anayepogoa mizabibu huku akimngoja mnunuzi asiyetokea anatosha kabisa. Simu nzuri itafanya kazi hiyo ukiifunga kwenye stendi na kuifungia mwanga na fokasi, picha isiwe inang'aa na kufifia yenyewe katikati ya shoti. Shuti kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10:30 jioni. Jua la Dodoma la saa 7 mchana huchimba mashimo meusi chini ya macho ya mtu, na hakuna programu ya kuyafukia.

Kinachoangusha kazi nyingi za hapa ni sauti. Upepo wetu wa kiangazi ukiingia kwenye maiki isiyo na manyoya ya kuzuia upepo hutoa mngurumo ambao hauondoki bila kuondoka na maneno. Weka maiki sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, chini kidogo ya kola, na uivike manyoya hata kama unaona upepo umetulia. Wakati wa kurekodi, vilele vya mazungumzo vikae kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha sauti cha kinasa. Vikigonga 0 sauti imeshapasuka, wala haishoneki. Kila sehemu unayoshuti, nyamazisha watu wote urekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali pale. Utazihitaji kwenye uhariri kuziba mapengo kati ya shoti na shoti, na asiyerekodi hugundua kosa akiwa ameshawaaga waigizaji.

Mazungumzo ya Kiswahili au Kigogo yaacheni yalivyo. Kumlazimisha mama wa Chamwino aongee Kiingereza ili jopo lielewe ni kuiua filamu kwa mkono wako mwenyewe. Weka sabtaito za Kiingereza zisizozidi mistari miwili, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, kila moja ikae angalau sekunde moja na isipite sekunde saba. Zichome ndani ya picha, kwa sababu faili la pembeni husahaulika au hukataa kufunguka kwa msomaji. Nyimbo za watu usiweke bila ruhusa ya maandishi. Mtandao unaweza kuizima video yako sauti wiki ileile inayosomwa, nawe usijue.

Toa nakala ya MP4 kwa H.264 (mfumo wa kubana video), pikseli 1920 kwa 1080. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, filamu ya dakika 5 inafika megabaiti 375 hivi, na kwa intaneti inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde itachukua dakika 25 bila kukatika. Ngoja ya umeme iongeze hapo. Ipandishe kwenye tovuti ya video siku tatu kabla ya mwisho, weka nywila, kisha fungua kiungo chake kwenye simu ya mtu mwingine ambaye hajaingia kwenye akaunti yako. Ukishatuma maombi, nywila usiiguse tena.

Makaratasi nitayapitia haraka. Majina kwenye pasi, cheti cha kidato cha nne na shahada yafanane herufi kwa herufi. Yakitofautiana, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo mapema. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, huhesabika kwa miaka miwili, kwa hiyo usifanye mtihani mapema mno ukajikuta unalipa mara mbili. Wadhamini, ambao mara nyingi huwa watatu, hupakia barua zao wenyewe kupitia kiungo kinachotumwa na chuo. Kiungo hicho hupenda kuzama kwenye barua taka. Mhadhiri apewe wiki sita, filamu yako na aya moja ya kumkumbusha ulifanya nini darasani kwake. Barua inayosema tu kwamba fulani ni kijana mwenye nidhamu na heshima ni nzuri kwa posa, haimsaidii mwombaji wa filamu.

Saa nazo zimeshawaponza wengi. Mwisho wa maombi wa tarehe 1 Desemba, 11:59 PM ya Los Angeles, kwetu ni tarehe 2 Desemba saa 4:59 asubuhi. Usaili wa 10 AM ya New York mwezi Februari ni saa 12 jioni hapa, wala si saa 10 ya kwetu. Na Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi: baada ya hapo, usaili wa muda uleule wa kwao unakuwa saa 11 jioni kwetu. Waingereza husogeza Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Andika muda wa usaili kwa saa za kwetu na za kwao, kisha uwaandikie chuo wathibitishe.

Usaili wenyewe mara nyingi huchukua dakika 20 hadi 30 mbele ya watu wawili au watatu. Januari hadi Machi ni msimu wetu wa mvua, na mvua juu ya bati hakuna maiki inayoishinda. Tafuta chumba chenye dari, vaa spika za masikioni zenye maiki, kaa uso ukielekea dirishani, na uwe na laini ya mtandao wa pili yenye gigabaiti 2 mezani.

Swali karibu la lazima linahusu filamu yako: ungebadilisha nini? Anayejibu kwamba hakuna, amejifungia mlango. Anayeanza kulaumu bajeti hajajibu. Jibu linalotafutwa lina shoti ndani yake: "Ile ya mlangoni niliikata mapema, ningemwacha mzee asimame hadi asikie pikipiki ikipita." Watauliza pia umeona filamu gani karibuni, na hapo usitaje ile unayodhani wanaipenda. Taja uliyoiona kweli, ueleze sini moja imejengwaje. Watauliza ulipogombana na mwenzako kwenye kazi mlifanyaje, kwa sababu filamu ni kazi ya kundi na mtu asiyekubali kukosolewa huharibu darasa zima. Na lile jibu la "nataka kuionyesha dunia Afrika ya kweli" liacheni. Afrika ni kubwa. Sema unataka kumfuata nani, anaishi mtaa gani, na kwa nini wewe ndiye wa kumfuata.

Majibu ya kukariri hujulikana: macho huganda pembeni ya skrini na sauti hupanda kama ya mtoto wa shairi. Andika maneno matano tu kwenye karatasi.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Yapo mawili ya msingi. Kwanza, haki za filamu ya kuhitimu hubaki kwa nani, mwanafunzi au chuo? Vyuo havifanani katika hili. Pili, gharama za kutengeneza filamu hiyo zimo ndani ya ada? Mara nyingi hazimo, na mwanafunzi huzitafuta mwenyewe juu ya ada ambayo kwa vyuo vikubwa vya Marekani ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Ukikubaliwa, utaambiwa ulipe amana ya kushikilia nafasi kabla ya tarehe fulani. Kama jibu la ufadhili halijatoka, omba kwa barua pepe tarehe isogezwe. Usilipe kwa fedha ya kukopa.

Ni mimi msomaji wenu,
Area C, Dodoma