Wasafiri wanaolala garini watengewe maegesho

Ndugu Mhariri,

Zimebaki siku 94 nitimize miaka 60, umri ambao mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima, na mimi na mume wangu tumeamua kuishi barabarani mwaka mzima katika Hiace tuliyoing'oa viti vya nyuma na kuiwekea kitanda cha mbao. Kabati la vyombo limekwenda kwa mdogo wangu, na masufuria ya shughuli nimewaachia akina mama wa kikundi chetu. Zimebaki sufuria mbili, birika na kanga sita, ambazo naona bado ni nyingi. Boksi la barua za wanafunzi wangu nimelifungua mara tatu, nikalifunga tena bila kutoa hata moja.

Ninachoomba ni kwamba halmashauri zilizo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma zitenge maegesho yenye taa, maji na choo, ambapo msafiri atalipa ushuru mdogo na kulala salama, badala ya kujibanza kwenye vituo vya mafuta au katikati ya malori pale Makambako. Ushuru huo utakuwa mapato yao.

Mwalimu,
Morogoro