YAH: MALALAMIKO KUHUSU STOREJI YA PAMOJA MLIYOTUFUNGIA MTWARA

Kitengo cha TEHAMA,
Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Korosho,
Mtwara.
Julai 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimesoma majibu ya mafundi wenu kwamba data zetu kwenye storeji hiyo, yaani kabati la diski linalotumiwa na seva zetu mbili, ziliharibika kwa sababu ya umeme wa Mtwara. Siyakubali, na naomba uyasome maelezo haya wewe mwenyewe.

Umeme ulikatika, ni kweli. Lakini seva zote mbili na storeji vilikuwa kwenye UPS (betri ya akiba) na havikuzimika hata kidogo. Kilichozimika ni swichi ndogo ambayo seva hizo huitumia kuulizana kama kila moja iko hai, kwa kuwa mafundi wenu waliichomeka kwenye soketi ya ukutani. Seva ya akiba ilipokosa jibu iliamini mwenzake amekufa, ikajiunganisha na storeji na kuanza kuandika. Ile ya kwanza nayo ilikuwa bado inaandika, maana nyaya za faiba kutoka kila seva hadi kwenye storeji zilikuwa nzima.

Mlipanga diski hizo kwa ext4. Huo ni mfumo wa faili wa seva moja. Kila seva hushika kwenye kumbukumbu yake orodha ya nafasi zilizo wazi, bila kujua mwenzake ameshaandika nini, hivyo zikafutiana kazi. Ext4 ina hata kinga ya kuzuia kuunganishwa na seva mbili kwa wakati mmoja. Mafundi wenu hawakuiwasha.

Kubwa kuliko yote ni kwamba hamkuweka fensingi, yaani kinga ya kuitenga seva isiyojibu. Seva ya akiba haikupaswa kuigusa storeji kabla ya kuhakikisha kwamba ile ya kwanza imekatiwa umeme au imenyang'anywa haki ya kuandika. Vifaa mlivyotuuzia vina uwezo wa kufanya yote mawili, na tumevilipia. Tena seva mbili peke yake zikipoteza mawasiliano hakuna yenye kura nyingi za kuamua ipi iendelee na kazi. Ndiyo maana huongezwa kura ya tatu, na kompyuta ndogo tu ingetosha. Fundi wenu alipoulizwa alinijibu kwamba tuna RAID 6. RAID 6 ni mpangilio wa diski unaohimili diski mbili kufa. Haiwezi kujua kwamba kinachoandikwa ni uharibifu.

Tulikuwa tunafunga hesabu za msimu. Rekodi za uzito na stakabadhi za ghalani zilivurugika, na makarani wamelazimika kuziingiza upya kutoka kwenye vitabu vya AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika), karatasi baada ya karatasi. Wakulima wa Newala na Tandahimba walicheleweshewa marekebisho ya malipo yao huku ada za watoto zikidaiwa. Walikuja ofisini kuuliza, na waliokuwa wakiwajibu ni sisi, si ninyi. Jambo hili limeniuma sana.

Msimu mpya wa korosho huanza Oktoba. Kabla ya hapo nataka mfumo usukwe upya kwa gharama zenu: fensingi iwekwe, kura ya tatu iongezwe, mawasiliano ya seva yapitie swichi mbili, zote zikiwa kwenye UPS. Mkitaka seva zote mbili ziandike kwa pamoja, tumieni mfumo wa faili wa klasta, yaani wa seva kadhaa kwa pamoja, kama GFS2 au OCFS2, na hata huko fensingi ni lazima. Ext4 ibaki tu iwapo seva moja ndiyo itakayoishika kwa wakati mmoja.

Sitasaini hati ya makabidhiano kwa maneno. Mafundi waje Mtwara, wachomoe nyaya mbele yetu wakati seva zinafanya kazi, wazime swichi, waiue seva moja ghafla, kisha tukague faili pamoja. Fundi aliyefunga mara ya kwanza aambatane na mwandamizi wake.

Nasubiri barua yenu yenye tarehe ya kuja. Malipo ya awamu ya mwisho yamesimamishwa hadi jaribio hilo lifaulu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Ofisa TEHAMA

Nakala: Meneja Mkuu wa Chama